Kwa nini mtoto anapimwa presha mara tatu

Malalamiko tunayopokea sana siku hizi ni haya: mtoto amepimwa, ameambiwa presha iko juu, na badala ya kupewa dawa anapewa tarehe ya kurudi. Akirudi, anapewa nyingine. Mzazi anaona anazungushwa.

Hazungushwi. Presha ya mtoto haina namba moja ya kupitisha wote. Kabla ya miaka 13 tunailinganisha na ya watoto wa umri, jinsia na urefu kama wake. Ikifikia au kuzidi kile kiwango ambacho watoto 95 kati ya 100 wako chini yake, ni ya juu. Kwa hiyo 115/75, ambayo mtu mzima angeipokea kwa furaha, kwa mvulana wa miaka 5 ni kubwa mno. Kuanzia miaka 13 tunatumia 130/80.

Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtoto mgonjwa. Kabla ya kupimwa mtoto hukaa kimya dakika 3 hadi 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishanishwa, mkono wa kulia ukiwa usawa wa moyo. Ni wa kulia kwa sababu majedwali ya kulinganishia watoto yalitengenezwa kwa mkono huo, na kwa sababu mshipa mkuu wa damu utokao moyoni ukiwa umebanwa tangu kuzaliwa, wa kushoto unaweza kutoa namba ndogo ya kudanganya. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke mkono kwa asilimia 80 hadi 100. Mkanda mdogo hupandisha namba, mkubwa huishusha. Ndiyo maana mashine ya babu nyumbani haisaidii. Mashine ikionyesha juu, tunarudia kwa kusikiliza mapigo sisi wenyewe. Ikibaki juu, arudi baada ya wiki 1 hadi 2, na hapo tunapima mguu pia. Ikiendelea, tunamwona tena baada ya miezi 3. Asiyesubiri ratiba hii ni mtoto mwenye presha ya juu sana, au mwenye presha ya juu pamoja na maumivu makali ya kichwa, kutapika, kuona ukungu au degedege. Huyo aje siku hiyo hiyo.

Watoto wengi wenye presha hawaumwi popote, kwa hiyo kauli ya "mbona anacheza vizuri" haithibitishi kitu. Utafiti ulioanza mwaka 1973 huko Bogalusa, Marekani, ulifuatilia watoto kwa miaka mingi. Miili ya waliofariki wakiwa wadogo, wengi wao kwa ajali, ilipochunguzwa, ilikutwa na michirizi ya mafuta ndani ya mishipa, na ilizidi kadiri vihatarishi vilivyokuwa vingi: uzito, presha, mafuta kwenye damu, sigara.

Kuna dalili za hatari ambazo mzazi anaweza kuziona mwenyewe. Kiuno kilichozidi nusu ya urefu wa mtoto. Kukoroma karibu kila usiku, hasa akikatiza pumzi usingizini. Na ngozi nyeusi, nene, laini kama mahameli, shingoni na kwapani. Tafadhali acheni kuisugua. Si uchafu, na watoto wanaletwa kwetu wakiwa wamechubuka kwa dodoki. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini, homoni inayosimamia sukari kwenye damu, haifanyi kazi yake sawasawa. Ngozi hiyo inataka kipimo cha sukari, haitaki sabuni.

Wembamba nao haumkingi kila mtoto. Yapo mafuta mabaya kwenye damu, ya kurithi, ambayo humpata takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300, na anaweza kuwa mwembamba kama ufito. Hayaonekani kwa macho, isipokuwa mara chache kama vinundu kwenye kano za kisigino. Hugunduliwa kwa damu, kipimo tunachopendekeza kati ya miaka 9 na 11, au mapema zaidi kama baba, babu au mjomba alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama, bibi au shangazi kabla ya 65.

Hapo ndipo wazazi hutukwamisha. Tukiuliza aliyefariki ghafla alikuwa na miaka mingapi, tunajibiwa "alikuwa mtu mzima tu." Ulizeni wakubwa wa pande zote mbili kabla ya kuja, mwandike umri, na mje na karatasi hiyo pamoja na kadi ya mtoto. Dawa za presha za bibi zibaki kwa bibi.