Upasuaji wa moyo kwa kichanga: kwa nini huyu anawahishwa na yule anasubiri

Malalamiko yanayotufikia siku hizi katika kitengo cha moyo cha watoto ni ya aina mbili, na yanapingana. Wazazi wengine wanasema tumekimbilia kisu mtoto akiwa na siku chache tu. Wengine wanasema mtoto wao ana tundu kwenye moyo, tunalijua, na bado kila kliniki tunawarudisha nyumbani. Wote wana haki ya kuuliza, na jibu ni moja: wakati wa upasuaji huamuliwa kwanza na aina ya kasoro, si kilo za mtoto peke yake, ingawa bado tunasikia kwamba kila mtoto asubiri kwanza afikishe kilo kumi.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, takriban 1 ana kasoro ya moyo. Karibu robo ya hao wana kasoro nzito inayohitaji upasuaji au tiba ya katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo) ndani ya mwaka wa kwanza. Mara nyingi chanzo hakijulikani, kwa hiyo wanandugu waache kumhoji mama alikula nini.

Tuanze na wanaowahishwa. Tumboni, mtoto hapumui kwa mapafu. Kuna mshipa mfupi unaoipeleka damu moja kwa moja kwenye aota, yaani mshipa mkuu unaosambaza damu mwilini, bila kupita mapafuni. Baada ya kuzaliwa mshipa huo hujifunga, kwa kawaida ndani ya siku 3. Kwa mwenye moyo mzima hakuna neno. Kwa mwenye kasoro fulani, mshipa huo ndio uliokuwa ukimweka hai: alizaliwa vizuri, akanyonya, akaruhusiwa, kisha ghafla anahema na kupoteza rangi. Ndiyo maana mtoto anapotimiza saa 24 tunampima oksijeni kwenye mkono wa kulia na mguu mmoja. Kipimo hakichomi wala hakitoi damu, tafadhali msikikatae. Kikisoma chini ya asilimia 90, hatungoji kurudia; mtoto anachunguzwa papo hapo. Tukishuku kasoro ya namna hii, tunaweka dripu ya prostaglandini kuuacha mshipa wazi. Dawa hiyo inaweza kumfanya mtoto asite kupumua, hivyo lazima awe chini ya uangalizi wa karibu. Inatupa nafasi ya kujipanga tu, haitibu.

Mfano ni mtoto ambaye mishipa mikuu miwili imebadilishana nafasi. Damu iliyotoka mapafuni inarudi mapafuni, na isiyo na oksijeni inazunguka mwilini. Ikibidi, kwanza tunapitisha katheta yenye puto hadi ndani ya moyo, kupanua tundu kati ya vyumba vya juu ili damu ichanganyike. Kisha, kwa kawaida ndani ya wiki 2 au 3 za kwanza, mishipa inakatwa na kurudishwa mahali pake. Upasuaji huu ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975, mikononi mwa Adib Jatene wa Brazili. Ugumu wake uko kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe, yenye upana wa milimita 1 au 2: kila mmoja unatolewa pamoja na kipande cha ukuta wa aota na kushonwa upya upande wa pili, daktari akitazama kwa miwani ya kukuza. Tukichelewa, chumba cha kushoto, ambacho kimezoea kusukuma damu mapafuni tu, kinadhoofika kisiweze tena kuhudumia mwili mzima. Kwa mtoto huyu, ule usemi wa "asubiri kwanza afikishe kilo kumi" unamnyima tiba. Tumelieleza hili mara nyingi, na kilo kumi bado zinatajwa.

Aota iliyobana hukatwa pale palipobana na ncha kuunganishwa, mara nyingi kupitia ubavu wa kushoto bila kuusimamisha moyo. Aliyezaliwa na upande wa kushoto wa moyo usiokua huhitaji hatua tatu: ya kwanza siku za mwanzo, ya pili akiwa na miezi 4 hadi 6, ya tatu akiwa na miaka 2 hadi 4 hivi.

Wanaosubiri wengi wana tundu kati ya vyumba vya chini. Matundu madogo, hasa ya kwenye msuli, mengi hujiziba yenyewe, na kumfungua kifua mtoto wa namna hiyo ni kumuumiza bure. Tundu kubwa huanza kwa dawa za kupunguza maji na lishe ya kuongeza nguvu, kisha hushonewa kiraka, mara nyingi kati ya miezi 3 na 6. Lakini kusubiri ni kusubiri huku mtoto akihudhuria kliniki. Anayepotea miaka kadhaa mishipa ya mapafu yake hukakamaa, na ikifika hapo kuliziba tundu kunaweza kumuua.

Kuhusu siku ya upasuaji: maziwa ya mama husimamishwa saa 4 kabla ya usingizi, ya kopo saa 6 kabla. Kumnyonyesha kwa siri kwa sababu analia kunafanya upasuaji uahirishwe, maana maziwa yanaweza kupanda na kuingia mapafuni. Homa au mafua nayo yanaahirisha. Anayesaini ridhaa awe mzazi au mlezi anayetambulika kisheria, na asisaini kabla ya kuelezwa hatari zote. Msishtuke mkikuta mfupa wa kifua umeachwa wazi na kufunikwa kwa siku chache. Wakati mwingine moyo huvimba na kuhitaji nafasi.

Mtoto aliyewekewa mrija wa kupeleka damu mapafuni anaangaliwa kwa namna yake. Akiharisha, akitapika au akigoma kunyonya, damu inakuwa nzito na mrija unaweza kuziba ndani ya saa chache. Mtazameni ulimi na fizi kama vimegeuka bluu, maana midomo inadanganya. Aspirini aliyoandikiwa msiikatize bila kuuliza. Mkiona dalili hizo, mleteni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na mtamke mlangoni kwamba ana mrija.