Filta ya kati kwenye lenzi pana: yanayosemwa na yalivyo

Kichochoro cha Mji Mkongwe, Unguja, hakikupi pa kurudi nyuma. Nilibandika mgongo ukutani, nikafunga lenzi ya milimita 65 kwenye kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5, na nyumba nzima ikaingia. Slaidi, yaani filamu inayotazamwa yenyewe bila kuchapwa, ilipofika kwenye meza ya mwanga, ukuta mweupe ulikuwa mweupe katikati tu. Kila ukisogea pembeni ulizidi kuwa wa kijivu, na kona za juu anga ilikaribia weusi. Mwenzangu mmoja akaamua papo hapo: lenzi hiyo mbovu.

Haikuwa mbovu, na hii ndiyo dhana inayowapotezea watu lenzi nzuri. Mwanga unaokwenda kwenye kona ya filamu una safari ndefu kuliko wa katikati. Tundu la lenzi nalo, likitazamwa kutoka kwenye kona, si duara tena bali limebanwa kama yai. Kisha mwanga wenyewe unatua kwa mshazari, kama jua la jioni linavyotandaa uwanjani bila nguvu. Ukijumlisha yote, mwanga hupungua kwa kosaini ya pembe kwa kipeo cha nne. Kwenye digrii 45 kutoka katikati hubaki robo tu, yaani umepoteza stopu 2 kamili, kila stopu moja ikiwa ni kupungua kwa mwanga kwa nusu. Lenzi pana kama Super-Angulon na Grandagon hutumia mbinu ya Mrusi Mikhail Rusinov ya miaka ya 1940, inayofanya tundu lionekane pana zaidi likitazamwa kutoka pembeni, na hasara hushuka hadi karibu kipeo cha tatu. Inapungua, haiishi.

Wazee wa kazi hii walilijua tatizo mapema. Hypergon ya kampuni ya Goerz, lenzi ya mwaka 1900 yenye upana wa karibu digrii 140, ilikuwa na kinyota cha chuma mbele yake. Mpiga picha alibinya mpira, pumzi ikakizungusha kinyota, kikazuia mwanga wa katikati kwa sehemu kubwa ya muda wa kupiga. Filta ya kati inafanya kazi ileile bila kuzunguka: kioo cheusi kiasi katikati, kinachofifia taratibu hadi kuwa angavu ukingoni.

“Funga tundu hadi f/22, giza litaondoka.” Litaondoka lile linalosababishwa na mwili wa lenzi kukata mwanga. La kosaini halijali umefunga kiasi gani (namba ya f ikikua, tundu linazidi kuwa dogo). Kufunga tundu kunahitajika kwa sababu nyingine: ukiacha wazi, miale ya kila sehemu ya picha hupita kwenye eneo pana la filta, weusi na uangavu vikachanganyika, na filta ikashindwa kazi. Lenzi ya f/5.6 ifunge angalau stopu 2, yaani f/11 au zaidi.

“Filta yoyote ya kati itafaa, mradi uzi wake wa skrubu unaingia kwenye lenzi.” Hapana. Mteremko wa weusi wake umepimwa kwa lenzi fulani na kwa umbali fulani kutoka kwenye tundu. Hata filta ya njano ukiitia kati ya lenzi na filta ya kati umeshaharibu umbali huo. Ya njano ikae mbele, na ndiyo maana nyingi zina uzi mkubwa zaidi upande wa mbele, kwa mfano milimita 67 nyuma na 86 mbele.

Haiji bure pia. Nyingi hula stopu moja na nusu, na mita ya mwanga ya mkononi haijui kwamba umevaa filta. Kama mita imesema 1/8 ya sekunde, piga karibu theluthi moja ya sekunde.

Je, kila lenzi inaihitaji? Kwenye 4 kwa 5, ya milimita 150 hupoteza kama theluthi mbili za stopu kwenye kona. Sijaona mtu akiisumbukia. Ya 90 iliyo nzuri hupoteza stopu moja na kidogo: negativu itavumilia, utazuia mwanga kwenye kona unapochapa, lakini slaidi itakuumbua. Ya 65 hukaribia stopu 2. Tena usiamue kwa kutazama kioo cha ukungu nyuma ya kamera, maana chenyewe hukuza giza la kona kupita ukweli.

Na kompyuta? Husaidia, sikatai. Ila kona ya slaidi iliyozama haina cha kufufuliwa, na programu nyingi hudhani katikati ya picha ndiyo katikati ya lenzi. Mpiga picha wa majengo huinua lenzi ili apate paa. Inua ya 90 kwa milimita 30, picha ikiwa ya kulala: kona za anga hupoteza zaidi ya stopu moja na nusu, kona za barabarani hata moja hazifikishi. Filta imefungwa kwenye lenzi, hupanda nayo, na weusi wake hubaki mahali pake.

Mimi hufokasi bila filta, kwa sababu kioo tayari kina giza la kutosha. Nikishafunga tundu ndipo naivisha, naongeza stopu yangu moja na nusu, kisha navuta kifuniko cha filamu.