Je, wajua kwa nini pawasaplai ya kompyuta iliyokufa huweza kuendesha chaja ya betri za droni?

Kwa mafundi wa kompyuta wa Mjini Unguja na Chake Chake, pawasaplai za kompyuta za mezani, yaani visanduku vinavyogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo, mara nyingi hubaki nzima hata baada ya kompyuta zenyewe kufa. Nazo chaja za betri za lithiamu zitumiwazo na wapenzi wa droni na ndege za rimoti, nyingi hazichomekwi ukutani, bali huhitaji mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri) wa volti 11 hadi 18. Pawasaplai hutoa volti 12 kupitia nyaya zake za njano, basi yafaa.

Anayeichomeka mara ya kwanza huidhania mbovu, maana feni haizunguki. Katika ATX, mfumo wa muundo wa kompyuta za mezani uliotolewa na Intel mwaka 1995, pawasaplai haiwaki mpaka iamriwe na ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Waya wa kijani ukiunganishwa na mweusi wowote, amri hiyo huwa imetolewa. Pawasaplai nyingi za zamani zina ukaidi mwingine: hupima zaidi volti 5 za nyaya nyekundu, hivyo pasipokuwa na mzigo hapo, yaani kitu kinachovuta umeme, volti 12 huyumba mara chaja ivutapo umeme. Dawa yake ni rizista (kipande kinachozuia mkondo) ya omu 10, yenye uwezo wa wati 10, kati ya nyekundu na nyeusi. Hula wati 2.5 tu, lakini hupata moto, kwa hiyo isigusane na plastiki.

Huenda msomaji akauliza volti 12 zitaijazaje betri ya seli tatu, ambayo ikijaa hufika volti 12.6. Chaja ina sakiti ya kupandisha volti, na hulipia kwa kuvuta ampea zaidi. Kuijaza betri hiyo kwa ampea 2.2 huhitaji wati 28 hivi, ilhali pawasaplai iliyoandikwa ampea 16 kwenye volti 12 ina wati 192.

Ikiwa nyuma ya pawasaplai pana swichi ya 115 na 230, iwekwe 230, maana ndiyo volti ya umeme wetu. Ikiachwa kwenye 115 itaungua papo hapo. Kasha lake lisifunguliwe kamwe: kapasita za ndani, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, huweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na kazi yote iliyoelezwa hapa hufanyika kwenye nyaya za nje.