Rais hafuti muswada: someni Ibara ya 115

Nimesoma tena wiki hii kwamba Rais wa Kenya "aliufuta" Muswada wa Fedha wa 2024, yaani muswada wa kodi wa mwaka huo. Hakuufuta, kwa sababu hana mamlaka hayo. Kila tukilirudia neno hilo tunawaondolea wabunge mzigo ambao Katiba imewatwika wao.

Ibara ya 115 inampa Rais siku 14 tangu apokee muswada. Ama autie saini, ama aurudishe Bungeni ufikiriwe upya, akitaja anayoyapinga. Akikaa kimya hadi siku zikaisha, muswada unahesabiwa kuwa umetiwa saini. Wanaodhani kwamba akiukalia utakufa wanachanganya Katiba yetu na ya Marekani, ambako hilo hutokea tu Bunge likiwa limeahirisha vikao.

Ukisharudi, sasa hesabu ndiyo inayoamua, na hapa ndipo wengi wanapotea. Bunge likikubali pingamizi zote za Rais, wingi wa kawaida unatosha. Likitaka kuupitisha muswada kama ulivyokuwa, au kuyakubali haya na kuyakataa yale, ni lazima lipate theluthi mbili ya wabunge wote. Nasema wote, si waliohudhuria! Bunge la Taifa lina wapiga kura 349: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wanawake wa kaunti, 12 wa kuteuliwa. Theluthi mbili yao ni 233. Kama muswada unahusu pia Seneti, bunge la pili ambalo hapa hupiga kura kwa kaunti, zinatakiwa kaunti 32 kati ya 47. Kwa hiyo mbunge aliye safarini, au aliyetoka ukumbini kengele ya kupiga kura inapolia, amemsaidia Rais sawasawa na aliyemuunga mkono kwa sauti.

Mwaka 2019 wabunge waliliondoa katika Muswada wa Fedha pendekezo la kufuta ukomo wa riba za benki, ukomo uliowekwa 2016. Rais Uhuru Kenyatta akaurudisha muswada akitaka pendekezo hilo liingizwe tena. Wabunge walilalamika sana, lakini siku ya kuamua 233 hawakutimia ukumbini, na ukomo ukaondoka. Lawama zikaenda Ikulu peke yake.

Kuna jambo linalonisumbua hapa. Ibara inasema Rais ataje anayoyapinga. Haisemi aandike vifungu vya kuwekwa badala yake. Desturi, hata hivyo, ni kwamba waraka anaourudisha nao muswada huja na maneno kamili, na kwa kuwa kumkubalia ni rahisi kuliko kumkatalia, maneno hayo hupita. Kwangu huko ni kutunga sheria, kazi ambayo si yake. Lakini ukiniuliza Bunge litamridhisha vipi bila kujua anataka maneno gani, sina jibu la kukutosheleza.

Muswada wa 2024 ulipita tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia saini. Waraka wake ulipendekeza kila kifungu kiondolewe. Kupinga kila kifungu bado ni kuomba muswada ufikiriwe upya? Mimi nasita. Ninalolijua ni kwamba pendekezo lile lilihitaji uamuzi wa Bunge.

Na kama 233 wangepatikana kuupitisha ulivyokuwa? Spika angeurudisha kwa Rais ndani ya siku 7, naye angekuwa na siku 7 za kutia saini. Zikipita, muswada ni sheria, saini iwepo isiwepo.