Helmeti haivunji shingo

Kwenye vijiwe vya bodaboda Dodoma, kuanzia Sabasaba hadi Nkuhungu, utasikia kwamba helmeti huvunja shingo kwa uzito wake. Maneno haya ni ya miaka mingi, na si ya hapa tu. Hata Marekani yalisemwa sana. Huko watafiti walipopitia kumbukumbu za majeruhi zaidi ya 40,000 wa pikipiki, waliovaa helmeti walionekana kuumia uti wa shingo kwa nadra kuliko wasiovaa.

Kinachookoa ni tabaka la povu gumu la ndani. Kichwa kinapogonga lami, povu hubonyea na kumeza sehemu ya kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo. Likishabonyea halirudi, kwa hiyo helmeti iliyokwishapata ajali ni pambo tu. Isiyofungwa mkanda ndiyo kabisa, hutangulia kudondoka. (Harufu ya jasho la abiria waliotangulia naielewa, kitambaa chepesi chini ya helmeti kinatosha.)

Na sheria? Vietnam iliwabana madereva na abiria wa pikipiki wavae helmeti barabara zote kuanzia Desemba 2007. Uvaaji ulipanda hadi zaidi ya asilimia 90, na majeraha ya kichwa yakapungua.