Wingu la umma liko ardhini

Wingu la umma ni huduma ya kukodi kompyuta za kampuni kubwa kupitia intaneti. Unakodi nguvu ya kuchakata, nafasi ya kuhifadhi mafaili au hifadhidata, kisha unalipia kiasi ulichotumia. Neno "umma" huwachanganya wengi. Wingu hilo si la serikali, na mafaili yako hayaonwi na kila mtu. Ni kwamba yeyote mwenye uwezo wa kulipa anakaribishwa, awe benki au kijana mwenye duka la mtandaoni. Jina "wingu" nalo limetoka kwenye michoro ya mafundi wa mitandao. Sehemu ya mtandao ambayo hawakuwa na haja ya kuieleza, waliichora wingu wakaendelea na kazi.

Mimi naona jina hilo limetuficha mambo. Nyuma ya wingu kuna jengo. Ndani yake zimo safu za makabati yaliyojaa seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine), mitambo ya kupoza inayonguruma usiku kucha, betri na jenereta za kushika umeme ukikatika, na nyaya za faiba zinazotoka kwenda duniani. Programu maalumu huigawa seva moja iwe kama kompyuta nyingi, kila moja na mfumo wake. Ni sawa na nyumba ya vyumba vya kupanga: paa ni moja, lakini kila mpangaji ana ufunguo wake na hamwoni mwenzake. Ukihitaji kompyuta kumi zaidi msimu wa sikukuu, unazipata kwa dakika chache, na msimu ukiisha unazirudisha.

Amazon ilianza kuuza huduma hizi mwaka 2006. Huduma yake ya kukodisha kompyuta, EC2, ilijengwa kwa sehemu kubwa na wahandisi waliokuwa Cape Town, jambo ambalo Waafrika wengi hawalijui. Hata hivyo, ilipita miaka 14 kabla kampuni hiyo haijafungua vituo vyake vya data katika mji huohuo, Aprili 2020. Microsoft ilikuwa imeitangulia kufika Afrika Kusini mwaka 2019, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024.

Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam anapofungua programu iliyo kwenye wingu la mojawapo ya kampuni hizo, mara nyingi ombi lake husafiri chini ya bahari hadi Afrika Kusini au Ulaya, kisha jibu hurudi. Tulilihisi hilo Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom, yaani nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, ilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Seva zilikuwa nzima kabisa huko ziliko. Njia ndiyo iliyokatika.

Na jengo lenyewe huweza kuungua. Machi 10, 2021, moto uliteketeza kituo kimoja cha data cha OVHcloud, kampuni ya wingu, huko Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa na nakala rudufu mji mwingine waliendelea na kazi. Wengine walikuwa wameweka nakala palepale, au hawakuwa nayo kabisa, na data zao zilipotea moja kwa moja. Wengi hudhani ukishalipia wingu, nakala zinajitunza. Hapana. Mwenye wingu hutunza jengo na mashine. Nywila, ruhusa za kuingia na nakala rudufu ni juu yako, isipokuwa umelipia huduma hiyo.

Unapoanzisha seva, kuna kisanduku kinachouliza iwekwe eneo gani. Watu hukipita haraka, wakaacha kile kilichokwisha kuchaguliwa, ambacho huenda ni Marekani. Tafadhali usikipite. Hapo ndipo unapochagua umbali ambao kila ombi la mteja wako litasafiri, na nchi ambayo taarifa zake zitalala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na seva iliyoko ng'ambo iko nje ya nchi hata kama skrini yako iko Kariakoo.