Je, wajua kwa nini kigae cha sahani iliyovunjika huweza kuwa pete?

Katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu kuna masonara wanaotengeneza pete na vidani ambavyo mahali pa jiwe pamewekwa kigae: kipande cha sahani au bakuli kuukuu, cheupe chenye ua la buluu, kikazungushiwa fedha. Vigae vingine ni vya vyombo vilivyovunjika karne kadhaa zilizopita, vikalala mchangani vikipigwa na mvua na chumvi. Imekuwaje basi ile buluu ikabaki imekoza vile vile?

Siri iko tanurini. Kaure (porcelain) ya Uchina, hasa ile ya mji wa Jingdezhen, hufinyangwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, uliochanganywa na mawe yaliyosagwa. Fundi huchora kwa madini ya kobalti juu ya udongo uliokwisha kukauka, kisha hukipaka chombo uji mwepesi ambao motoni hugeuka kioo. Vyote huchomwa pamoja, kwa joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi. Rangi nyingi haziwezi moto huo, huungua zikapotea. Kobalti hustahimili. Kwa hiyo ua lile limefungiwa chini ya kioo, na kioo chenyewe kimeshikana na udongo hata chumvi haina pa kupenya. Dhahabu, na rangi nyingi nyekundu, hupakwa baadaye juu ya kioo na kuchomwa kwa moto mdogo, ndiyo maana kwenye vikombe vya bibi zetu mstari wa dhahabu mdomoni umefutika ilhali maua ya buluu bado yapo.

Pwani yetu ilivipenda vyombo hivi kwa dhati. Vilipangwa kwenye vidaka vya nyumba za mawe, na vingine vikajengewa kwenye nguzo za makaburi, kama kule Kunduchi na Mambrui. Karne ya 19 vikaja kwa wingi vya Ulaya pia, vikiwemo mabakuli ya Maastricht, Uholanzi. Vingi kati ya hivyo vya Ulaya si kaure. Ni udongo uliochomwa kwa moto mdogo zaidi, na ukingo wake humong'onyoka upesi. Ukitaka kuvitofautisha, dondosha tone la maji pale palipovunjika: udongo wa kawaida utalinywa, kaure italiacha juu.

Kigae hukatwa kidogo kidogo kwa koleo, kisha kingo husagwa mpaka zisimkate mvaaji. Hapa naomba tusikilizane vizuri: kisagwe kikiwa kimelowa maji, na fundi avae barakoa. Vumbi lake lina silika, ambayo huharibu mapafu polepole bila dawa ya kuyarudisha, na kioo cha vyombo vya zamani kinaweza kuwa na madini ya risasi. Kisha sonara hukunja utepe wa fedha kufuata umbo la kigae na kuulehemu kwenye bamba la chini. Kigae hutiwa baada ya lehemu kupoa, kwa sababu moto wa ghafla huweza kukipasua. Mwishowe ukingo wa fedha husukumwa taratibu ukakilalia kigae pande zote. Hakuna gundi, wala tundu kwenye kigae.

Lakini kigae kimetoka wapi? Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya Gede, karibu na Malindi, mwaka 1948, vigae vya kaure vilimsaidia kujua kuta zilijengwa lini, kwa kuwa mitindo ya Uchina inajulikana ni ya nyakati zipi. Kigae kikiokotwa gofuni, ushahidi huo hupotea hata kama pete itapendeza namna gani, na sheria za Kenya na Tanzania zinayalinda mabaki ya kale. Mimi nisingevaa pete ya namna hiyo.

Vyombo vya nyumbani vinatosha. Sahani ya seti ya harusi ya mama ikidondoka, usiizoe na kuitupa jaani. Ipindue kwanza, maana chini mara nyingi pana jina la kiwanda. Sonara akilitoboa bamba la nyuma kama dirisha dogo, ua litakaa mbele na jina litabaki upande wa ngozi, analijua mvaaji peke yake.